Haijasoma, Rudia

Jina lake nalijua. Nalijua la kwanza na la ukoo, na nalijua hata lile la utani alilopewa na waendesha bodaboda wa pale kijiweni. Sitaliandika. Yeye alichukua jina la mama yangu akalitumia apendavyo, kwa hiyo la kwake likae huko huko liliko. Humu nitamwita Wakala, kwa kazi aliyokuwa akiifanya, na kama siku moja atasoma haya akachukia kuona hana jina, nitafurahi sana.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, alikuja Buseresere kufuata nini, hayo sitaki kuyajua. Vipimo vyake ndivyo ninavyo. Kifua inchi arobaini na mbili, shingo kumi na sita, mkono ishirini na nne, na bega la kushoto limeshuka nusu inchi kuliko la kulia, kwa hiyo kila shati lake nililishona kwa kuificha kasoro hiyo. Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazama barabara ya Biharamulo, na kwa miaka mingi mwavuli wake ulikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la pembejeo, umepauka kwa jua hadi usingejua ulianza na rangi gani. Alisajili laini, aliuza vocha, aliwarudishia watu laini zilizopotea. Kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye cherehani nilimwona yeye. Sasa nashukuru kwamba nilimwona vizuri.

Niseme ukweli ingawa unaniuma: hakuna mtu aliyewafundisha watu wa Buseresere kutumia simu kwa usalama kama yeye. Kabla yake tulikuwa vichekesho. Mzee mmoja mfugaji alikuja na simu ya tochi, namba ya siri ameichonga kwa ncha ya kisu kwenye mfuniko wa nyuma, tarakimu zote nne, kubwa kama alama za ng'ombe.

"Baba, hii ni nini?" Wakala akamuuliza.

"Namba yangu. Nisije nikaisahau."

"Na mwizi naye asije akaisahau?"

Foleni nzima ilicheka, mzee mwenyewe akiwemo. Wakala alimtafutia mfuniko mwingine kwenye kisanduku chake cha mabaki, hakumdai kitu, kisha akamkalisha kwenye kigoda wachague namba mpya. Na hapo ndipo alipofanya jambo alilokuwa akilifanya siku zote: alisimama, akampa mzee mgongo, akageukia upande wa kibaraza changu, macho amefumba na mikono ameifunga nyuma. "Andika baba, mimi sipo." Alisimama hivyo mpaka mzee akamaliza. Kwa miaka yote niliyomtazama, sikumwona hata mara moja akichungulia namba ya siri ya mtu. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole kwa wateja wangu, nikisema yule ndiye mwanamume mwaminifu kuliko wote barabara hii. Nikikumbuka nilivyokuwa nikisema natamani kujipiga na rula yangu ya chuma.

Alikuwa na maneno yake. "Namba ya siri ni nguo ya ndani," aliwaambia wasichana. "Huiazimi, huianiki barabarani." Wanawake waliotoa simu kwenye sidiria zikiwa zimelowa jasho aliwapokea kwa kitambaa, akishika pembeni tu, akiuliza kwa upole kama simu imetoka bafuni. Wanaapolo, wachimbaji wadogo waliokuja kutoka mashimoni na baruti zao za kupasulia mwamba alikataa kuwauzia vocha mpaka waape kwamba hawachaji simu kwenye chumba walichohifadhi mzigo huo. Kuna mama aliyekuwa akiuza petroli kwenye chupa za maji. Siku moja alikuwa anamimina huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Nilimwona Wakala akivuka barabara mbio, bila kuangalia malori, akampokonya ile simu na kuizima. Kisha akakaa chini kwenye vumbi akihema, na akamfokea yule mama mpaka sauti ikakauka. Huwezi kuigiza hofu ile. Aliogopa kweli kwamba mwanamke yule angeungua.

Neno lake lililopendwa zaidi lilikuwa hili: "Anayekuharakisha kwenye simu anakuibia. Mtu mwenye nia njema anaweza kusubiri kesho." Mpaka leo ikija simu ya mtu mwenye haraka, maneno yale hunijia kwa sauti yake, na mpaka leo nikiandika namba yangu ya siri nakinga kwa kiganja cha kushoto kama alivyonionyesha. Simu yangu haijawahi kuibiwa kitu. Hilo nalo namchukia kwalo, maana kila siku natumia kitu chake na siwezi kukirudisha.

Adabu yake ilikuwa ya mtu mzima. Aliwaamkia wazee kwa Kisukuma chake cha kujifunza, "Mwangaluka, mayo," na wakimwitikia aliinama kidogo. Chenji ilikuwa haibaki kwake. Mtu aliyesahau simu mwavulini aliikuta imefungwa kwenye karatasi, jina lake limeandikwa juu. Na alikuwa na jambo moja ambalo mtaa mzima tulilichukua kwake: akizungumza na mtu, simu yake aliilaza kifudifudi, kioo chini. "Ukiiacha inakutazama," alisema, "unamwambia mwenzako kwamba yeye ni wa pili." Miezi michache haikupita, ukienda hata kwenye kikao cha harusi unakuta simu zote zimelazwa kifudifudi mezani. Yalikuwa mafundisho ya Wakala hayo.

Sasa nifike kwenye vidole.

Mwaka ule tulipotangaziwa kwamba laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, foleni ya mwavulini ilifika mpaka kwa fundi baiskeli. Unakuja na namba ya kitambulisho cha taifa, unaweka dole gumba kwenye kimashine, kinasoma, umemaliza. Kwa mtu wa ofisini ni hivyo. Kwa watu wetu haikuwa hivyo. Nenda kawaangalie watu wa kwetu vidole. Kuna waliokata pamba tangu wakiwa watoto, kuna waliovuta kamba za kupandishia mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuna wanawake waliokaa chini na nyundo miaka na miaka wakiponda mawe ya dhahabu ili yaingie kwenye karasha yakasagwe. Dole gumba linaloshikilia jiwe ndilo linalolika. Linabaki jeupe na laini, bila mistari, kama kitako cha sufuria kilichosuguliwa kwa mchanga. Kimashine kinatafuta mistari, hakioni, kinalia.

"Haijasoma," Wakala alikuwa akisema. "Rudia."

Tulilizoea neno hilo kiasi kwamba watoto walilichezea. Alikuwa na kikopo cha mafuta ya mgando na kitambaa safi. Alichukua mkono wa mtu, akaufuta, akapaka mafuta kidogo, akasubiri, akalishika dole mwenyewe na kulilaza polepole. Haijasoma, rudia. Wengine walirudia mara mbili, wengine mara tano, na hakuna aliyelalamika. Walijilaumu wenyewe.

Mama yangu aliponda mawe miaka kumi na minne. Kwa pesa ile nilinunuliwa cherehani yangu ya kwanza. Anaishi kwake kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu, na siku hiyo mimi ndiye niliyemtumia habari aje. Niandike tena ili isisahaulike: mimi ndiye niliyempeleka. Nilimvusha barabara kwa mkono wangu nikamkabidhi kwa Wakala, nikasema, "Huyu ni mama yangu mzazi, mwangalie vizuri."

"Shikamoo mama," akasema Wakala, akainama.

"Marahaba mwanangu."

Alimkalisha kwenye kigoda. Mimi nilirudi kwenye sare za shule zilizokuwa zinanisubiri, lakini masikio yalikuwa kule. Dole la kwanza, haijasoma. Akafuta, akapaka mafuta. Rudia. Haijasoma. Akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akautazama, akasema, nami nilisikia mpaka upande wa pili wa barabara, "Mikono hii imefanya kazi, mama. Mikono hii iheshimiwe."

Mama aliona haya kama msichana. "Nisamehe mwanangu," akasema, "vidole vyangu vimekwisha. Nakuchelewesha."

"Usijali mama. Rudia."

Aliliweka dole mara nne kwa jumla. Kisha akasema wabeja, asante ya kwetu, akavuka barabara na laini yake moja, akanionyesha dole lililong'aa mafuta, na tukacheka kwamba hata mashine imemkataa.

Zilipita kama miezi minane. Askari wawili walifika kijijini wakamkuta mama anaanika michembe, vile viazi vyetu vikavu. Walimtajia jina lake kamili, matatu yote, akaitika. Wakamwambia kuna mjane wa Mhunze aliyepokea ujumbe unaosema umetoka kwa mwanawe: simu yangu imeharibika, ile ada ya mtoto tuma kwa namba hii. Akatuma. Laini iliyopokea imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama yangu na kwa dole lake. Mama akawaonyesha simu yake na namba yake. Wakamwambia si hiyo, ni nyingine, na ziko nyingine zaidi.

Alikaa mahabusu siku mbili. Siku ya pili nilikwenda na uji, nikamkuta Wakala ameshafika. Alikuwa amebeba chupa ya chai na chapati nne kwenye mfuko, amevaa shati la bluu nililomshonea mimi, na alikuwa anamwambia mama mbele ya askari na watu wote waliokaa kwenye benchi, kwa sauti ile ile ya huruma: "Mama, jaribu kukumbuka. Kitambulisho chako ulimpa nani?"

Mama alikuna kichwa akijitahidi kukumbuka. Alitaja mtu wa mbegu za ruzuku. Alitaja binti wa zahanati. Akaanza kulia kwa kuwa hakumkumbuka mwingine. Wakala akamwambia, "Ndiyo maana tunawafundisha kila siku," na akamimina chai. Nami nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono miwili nikamwambia Mungu akubariki. Nimefanya mambo ya kipumbavu maishani, ila hilo ndilo linaloniamsha.

Mama alitoka kwa dhamana, akawa anaripoti kila wiki mwaka mzima. Mwishowe akaambiwa faili limefungwa kwa kukosa ushahidi. Ungedhani ni habari njema. Lakini sokoni hakuna aliyesikia kwamba hakufanya. Walisikia kwamba alifanya ila ushahidi haukupatikana, kwa hiyo akawa si mwizi tu, akawa mwizi mjanja. Mama Minza, jina aliloitwa tangu nilipozaliwa, likafa. Wakamwita Mama Tuma-Kwa-Namba-Hii, na walipochoka na urefu, wakamwita Mama Tuma. Kwaya ikampumzisha. Mnadani akahamisha michembe yake kutoka penye wanawake wenzake akaenda kukaa mwisho kabisa, karibu na zizi la mbuzi. Na kule Mhunze kuna mwanamke asiyewahi kumwona kwa macho, anayemlaani kwa majina yake matatu.

Laini yake aliivunja kwa nyundo ile ile ya mawe. Simu akaitia kwenye debe la michembe, akafunika. Tangu siku hiyo hakushika tena simu ya mtu yeyote, hata ukimwambia ni mjukuu anataka kumsalimia. Dada yake alipofariki Kishapu, mama alipata habari matanga yamekwisha. Alikaa mlangoni, akasema, "Ningekuwa na simu ningemzika."

Nilikuja kujua namna gani? Kwa njia rahisi mpaka nikaona aibu. Dada mmoja wa ofisi ya kata alinionyesha kwamba kuna namba fupi ya bure, unaingiza namba ya kitambulisho, unaletewa laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako. Nilichukua namba ya mama, nikaingiza. Zilikuja laini nne. Nikahesabu kichwani: haijasoma, rudia, haijasoma, rudia. Ilikuwa imesoma. Kimashine kilikuwa kinamsoma kila mara. Kila alipoomba radhi, alikuwa amemtolea laini nyingine.

Mafundisho yote yale, na hilo moja, namba fupi ya kujiangalia mwenyewe, hakuwahi kulifundisha hata siku moja.

Nilivuka barabara nikiwa na mkasi mkononi. Nasema kweli, nilikuwa nao na nilijua ninao. Mwavuli haukuwepo. Mwenye duka la pembejeo alisema ameondoka asubuhi ya jana, ameaga vizuri, ameniachia hata salamu. Kwenye kituo cha polisi waliniambia namba ya uwakala aliyoitumia ilikuwa ya mtu mwingine aliyekwishafariki. Na watu? Niliwaeleza watu mpaka ulimi ukauma. "Wakala? Yule aliyemwokoa muuza petroli? Fundi, mtetee mama yako lakini usimchafue mtu." Yule mzee wa mfuniko aliacha kuniletea suruali zake.

Aliniachia kitu kimoja, kitambaa cha kitenge cha shati ambalo nilikuwa sijalimaliza. Nilikuwa nimeshalikata, mikono bado. Nilikitundika kwenye msumari, na kwa miaka minne kila asubuhi nilikitazama nikipanga nitakachomfanyia mwenyewe. Kuna siku nilitaka afe. Kuna siku nilitaka awe kipofu, aombe kwenye stendi, nipite. Shangazi alisema yuko mganga upande wa Kahama, si mbali na Buzwagi, anayeweza kumrudisha mwizi kwa magoti. Nilikwenda kumwambia mama kwamba nimekusanya nauli. Alikuwa anachambua michembe. Hakuinua hata macho.

"Sitaki afe," akasema. "Akifa nani atanisemea? Nataka aseme kwa mdomo wake, watu wasikie. Basi."

Nikajua kisasi chenyewe kina kipimo gani. Nikaacha kutaka afe.

Mwaka jana ilitoka rashi upande wa Geita, dhahabu imeonekana juu juu na watu wamemiminika, na mimi nilifunga marobota ya ovaroli nikaenda kuuza. Ilikuwa saa tano asubuhi, nimesimama karibu na karasha, kelele na vumbi, mtu mmoja kanipa mgongo anaingiza mawe kwa koleo. Alikuwa mweupe wa vumbi toka kichwani. Shati halikuwa langu. Bega lilikuwa langu. La kushoto, nusu inchi.

Nilizunguka nikasimama mbele yake. Alinitazama, koleo likasimama.

"Fundi," akasema.

"Wakala."

Akaangalia huku na huku. "Huku siitwi hivyo."

"Unaitwaje?"

Akanitajia jina. Halikuwa lile ninalolijua. Nilifurahi moyoni. Na yeye lake limemtoka.

Mikono yangu ilitulia kama ninapotunga uzi. Nikamwambia njoo ule, nanunua mimi. Tulikaa kwa mama lishe, ugali na dagaa, jua limesimama kichwani. Alikuwa amekonda, shingo sasa ingekuwa kumi na nne na nusu. Nilitoa simu kwenye mkoba, nikaigusa mara mbili kama mtu anayeangalia saa, nikailaza mezani kifudifudi.

Aliiona. Uso ukalainika. "Hukusahau adabu," akasema.

"Nilifundishwa na mtu."

Akacheka, na baada ya hapo akafunguka kama mtu aliyekosa wa kuzungumza naye. Akanieleza taabu zake. Simu yake ilianguka kwenye shimo la maji, na wiki ya tatu sasa hawezi kurudisha laini. Watoto wake wako mbali, namba zao zote zilikuwa humo, hawajui kama yu hai. Amekwenda kwa wakala wa hapo mara tano. Akageuza mikono anionyeshe. Madole gumba yote mawili yalikuwa meupe, laini, hayana kitu. "Kijana ananiambia, mzee, haijasoma. Mimi! Ananiambia mimi!"

"Pole," nikasema. "Rudia."

Akairudisha mikono chini ya meza. Alijua sasa kwamba najua. Nilingoja ainuke akimbie, lakini ugali ulikuwa bado nusu na alikuwa na njaa.

"Mama Minza alikukosea nini?" nikamuuliza, taratibu, kama tunaongelea bei ya vitambaa.

"Mama yako? Hakunikosea kitu. Yule mama hakujua chochote, Fundi. Nilizisajili mimi pale pale mbele yake, nikampa moja, tatu nikaziuza kwa watu wa mjini. Walizifanyia nini sikuuliza."

"Kwa nini yeye?"

Alitafuna, akafikiri, akanijibu kwa uaminifu wote wa yule mtu aliyegeuza mgongo ili asione namba ya mzee. "Si yeye tu. Mtu mwenye vidole vizuri ukimwambia haijasoma anakutazama machoni. Waponda mawe hawakunitazama. Waliniomba radhi. Mama Minza aliniomba radhi mara tatu." Akasafisha sahani kwa kidole. "Na zile chapati nilizompelekea, nilimpelekea kwa moyo. Usidhani niliigiza."

Namwamini. Ndiyo maana siwezi kumsamehe. Angekuwa mwizi mtupu ningemsahau kama ninavyowasahau wezi wa kuku.

"Usimwambie mtu," akasema tuliponyanyuka. "Mimi nimeshalipwa, unaniona nilivyo. Lile shati langu lipo?"

"Lipo. Nitalimalizia. Njoo ulichukue Buseresere, siku ya mnada."

Hakuja, na sikutegemea aje. Nilifika nyumbani nikalimaliza shati kwa siku moja, na safari hii bega sikulificha. Nililiacha limeshuka, wazi, lilivyo.

Muuza dawa ya panya wa mnadani ana spika kubwa mbili na sauti iliyorekodiwa inayoimba tangu asubuhi, panya, mende, kunguni, kiroboto. Suruali zake nashona mimi. Nikamwomba dakika chache. Nililitundika lile shati kwenye nguzo ya spika, nikachomeka waya kwenye simu yangu. Kunguni wakakatika katikati. Halafu ikatoka sauti ambayo Buseresere nzima inaijua, ikiwa kubwa kuliko alivyowahi kuwa mwenyewe: Mama yako? Hakunikosea kitu. Yule mama hakujua chochote, Fundi.

Waliokuwa wanapatana bei waliacha. Muuza petroli aliweka chupa chini. Yule mzee mfugaji alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika kifuani. Ilipofika kwenye neno lile, waliniomba radhi, nilisikia wanawake fulani, wazee wenye mikono kama ya mama, wakivuta pumzi kwa pamoja, na mmoja akaanza kutazama dole lake. Shati lilikuwa linapepea juu pale na bega lake bovu. Hakuna aliyeuliza ni la nani.

Nakala nyingine niliipeleka kituoni. Wameipokea, wameandika, wamesema watamfuata. Hilo ni lao. Wapo wanaoniambia nimemwaibisha mtu aliyekwisha kuanguka, kwamba ningemsaidia kwanza awapate watoto wake. Wao mama zao hawakuzikiwa dada bila kujua.

Mama aliinuka kutoka kule kwenye zizi la mbuzi. Watu walimpisha njia, na wawili watatu walimwita Mama Minza, kwa sauti ndogo, kama wanaojaribu neno. Hakuwaitika. Alikuja mpaka kwenye spika, akanyoosha mkono kwangu. Sikuelewa anataka nini, mpaka akaichukua simu mwenyewe. Miaka minne hakuwa ameshika simu. Aliipindua, akaitazama.

"Wale wa nyuma hawajasikia vizuri," akasema. "Inabonyezwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akalifuta dole gumba lake kwenye kanga, lile lile, akalilaza kwenye kioo polepole kama alivyofundishwa. Ikakubali mara ya kwanza.